Papa ya Madiski na Ndala za Kushoto

Nina diski moja ya mchezo wa mpira ndani ya kabati langu, na sina mashine ya kuisoma. Wenzangu wa ofisini wakiiona wanacheka. Wewe uliyesoma informatique, mambo ya kompyuta, wananiambia, wewe unayetufundisha kwamba siku hizi kila kitu kinakaa hewani, unatunza kisahani cha nini? Nawaacha wacheke mpaka wachoke. Aliyenikopesha diski hiyo tulimwita Papa ya Madiski, Kabondo nzima, mtaa wetu wa Kisangani, na kabla sijaanza kumsifu nitasema jambo moja mapema nisije nikajificha nyuma ya maneno matamu. Mzee yule alikuwa anamngoja mtu. Kulikuwa na kitu kimoja alichobaki nacho cha kumngojea, na mimi ndiye niliyekichoma. Si mwizi, si adui. Ni mimi, niliyempenda.

Mambo ya alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulizeni ndugu zake wa Maniema. Mimi nilimkuta Kabondo akiwa tayari mzee, au nilidhani ni mzee kwa kuwa nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa humwita mzee hata mwalimu wake. Alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo upande mmoja. Alivaa kofia nyeupe ya kufuma, na shati la mikono mirefu hata siku ambayo joto lilifukuza mbuzi barabarani. Alikuwa na salle ya michezo: chumba kimoja cha matofali, mlango wa bati la kijani, televisheni tatu, na mabenchi mawili ya kanisa. Ndiyo, ya kanisa, na yeye Mwislamu wa kufunga na kuswali. Kanisa fulani lilihama, likaacha mabenchi, akayachukua. Ukimwuliza alisema, "Benchi haina dini. Kaa."

Ukuta wa kulia ulikuwa na rafu za mbao, na kwenye rafu madiski yamesimama wima ndani ya vifuko vyao, mgongo nje, kama vitabu vya padri. Ukuta wa kushoto ulikuwa na misumari mitupu na misumari yenye ndala. Nitaifikia hiyo misumari.

Kwanza mikono yake. Sijawahi kuona mtu mwenye mikono mikubwa vile akishika kitu kwa adabu vile. Kidole kimoja ndani ya tundu, kidole gumba pembeni, basi. Katikati hagusi. Diski ikikwaruzika aliipaka dawa ya meno, kidogo tu, akaifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, kutoka katikati kwenda nje, kutoka katikati kwenda nje. Tukitaka kumsaidia tukaifuta kwa kuzungusha, balaa.

"Aa! Unafanya nini? Unafagia nyumba kwa kuzunguka? Kwenu munazungusha takataka? Unatoa inje, mama, unatoa inje!"

Na usipumue juu ya diski. Alidai pumzi ya mtoto ina chumvi. Sijui alilitoa wapi jambo hilo, na mimi, na diploma yangu, mpaka leo nikishika diski nabana pumzi.

Kabla ya salle alikuwa mbeba mizigo Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na nadhani mgongo wake ulipindia huko. Aliondoka Simi-Simi, lakini Simi-Simi haikuondoka ndani yake. Kila kitu kwake kilikuwa mzigo na kila mzigo ulitaka tikiti. Ndipo ilipotoka sheria yake, sheria ambayo mtu wa Kabondo wa rika langu akiisikia anatabasamu hata akiwa msibani.

Sheria ilikuwa hivi. Ulikuwa unaweza kukopa diski, ukacheze kwenu au kwa rafiki mwenye mashine. Lakini uliacha ndala yako, ile tunayoiita babuchi. Moja tu. Ya kushoto. Aliitundika kwenye msumari na ilikaa pale mpaka diski irudi.

Siku yangu ya kwanza nilimwuliza, "Papa, juu ya nini moja? Nisiache zote mbili?"

"Ukiacha zote mbili, utazoea kutembea mguu bure, utanisahau. Mutu mwenye iko na kiatu moja, anachoka. Akichoka, anakumbuka. Akikumbuka, anarudi."

Kwa hiyo Kabondo ilikuwa imejaa watoto wa ndala moja. Mwanamke akimwona mtoto wa jirani anachechemea kando ya barabara, haulizi kama ameumia. Anauliza, "Umekopa kwa papa?" Mtoto akijibu ndiyo, anaambiwa, "Basi utarudi." Ilikuwa salamu ya mtaa wetu. Mama yangu haikumchekesha. Siku moja alienda mpaka salle, kitenge kimefungwa kwa hasira, akasema mtoto wake anaenda masomo na mguu mmoja.

"Hapana, mama," akamjibu kwa upole. "Mutoto yako iko na mguu mbili. Kiatu njo iko moja."

Mama alikuja kugomba, akarudi anacheka mwenyewe njiani. Alikasirika zaidi kwa sababu alicheka.

Mtu wa sheria namna hiyo ungedhani amenyooka kama rula. Wapi! Alikuwa mwongo akitaka. Kulikuwa na katekista mmoja mwanamke, mkali, aliyekuja kutuwinda siku za mafundisho. Papa alisimama mlangoni akaapa hakuna mtoto ndani, na nyuma yake, chini ya pazia, miguu yetu inaonekana yote. Mama wa watu akaitazama ile miguu, akamtazama papa, akaenda zake. Kisha papa alifunga televisheni, akatuamuru tutoe madaftari. "Mumenifanya niseme bongo, uongo mutupu. Sasa mutaandika calcul mpaka Mungu anisamehe." Tuliandika hesabu mpaka vidole vikauma.

Na hakuwahi kucheza. Hata mara moja! Alikuwa na michezo mingi kuliko mtu yeyote Kisangani, na aliita kazi yenyewe bêtise, upuuzi. Tulimpa kishikio cha kuchezea, akatikisa kichwa. "Miye nilicheza kubeba mizigo ya watu. Inatosha." Lakini mtu akikosa penalti kwenye mashine, aliinuka kwenye kiti chake, akatoka nje, akatema mate, akarudi kukaa. Mwezi wa Ramadhani hakufunga salle, ila alikataza michezo yote ya bunduki. "Mutu amefunga, haue mutu. Hata mutu ya televisheni." Tulikuwa tunacheza mpira na magari mwezi mzima, Wakristo na Waislamu, kwa heshima ya funga yake.

Mimi aliniita Madame Pause. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani na nilikuwa na maswali. Katikati ya mchezo nilibonyeza pause, kitufe cha kusimamisha, nikageuka, nikauliza: Papa, hii inajuaje kwamba nimefunga bao? Papa, picha inakaa wapi kama diski ni nyeupe? Wavulana wakapiga kelele wanifukuze. Yeye alikuwa akiwanyamazisha kwa kiganja. "Muache. Huyu anauliza njia. Mwenye anauliza njia ataenda mbali." Jibu hakuwa nalo. Lakini hakuna mtu mwingine aliyewahi kusimamisha kelele ya wavulana kumi kwa ajili ya swali langu, na nilipokwenda shule ya mbali baadaye, nilienda na kiganja kile.

Alikuwa na mwana mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Huyo ndiye aliyenifundisha kupiga penalti ya chini pembeni. Kijana wa kucheka sana, wa kuimba akioga. Na sheria ilimhusu yeye pia. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda Kinshasa kusoma siku alipopanda baleinière, ile mashua ya mbao ya kushuka mto, kwenda kutafuta kazi. Alitaka kubeba diski moja akacheze na binamu zake. Baba yake akamnyooshea mkono.

"Papa, hata miye?"

"Weye zaidi."

Kijana akacheka, akavua ndala ya bluu ya kushoto, akavaa viatu vyake vya safari, akaenda. Hakufika. Au alifika akapotea, hakuna ajuaye. Wengine walisema mashua ilipinduka njiani, wengine walisema alionekana Brazzaville, mmoja aliapa amemwona Angola, ana mke. Maiti hatukupata, simu hatukupata. Mimi nilipata habari kwa mama. Nikampigia papa, nikaanza kusema pole, akanikata.

"Pole ya nini? Ameenda na diski yangu. Ataleta."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sikujua kwamba ndala ya bluu ilikuwa kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango, na kwamba kila asubuhi akifungua bati la kijani aliifuta vumbi kabla ya kufuta madiski. Hakuna aliyeniambia. Nami sikuuliza, mimi Madame Pause, mwenye maswali yote.

Nilirudi Kisangani baada ya miaka, na kazi na begi la kompyuta na mdomo. Mdomo hasa. Jumamosi nilikwenda kukaa kwenye benchi la kanisa kama zamani, lakini salle haikuwa ile. Madiski mengi yalikuwa yamechoka, mashine zinayatema. Macho ya papa yalikuwa yameingia ukungu, akisoma jina la diski kwa kuileta mpaka puani. Vijana walikuwa wachache. Niliumia, na mtu aliyesoma akiumia anataka kutengeneza. Nikaanza kumhubiria.

"Papa, siku hizi mchezo haushikwi na mkono. Unaununua kwenye mtandao, unashuka, unakaa ndani ya mashine. Haukwaruziki. Hauibiwi. Haupotei."

"Na kukopesha?"

"Kukopesha hapana. Unakaa kwa mwenyewe."

"Donc hakuna mutu anaondoka nayo."

"Hakuna."

"Na hakuna mutu anairudisha."

"Ndiyo faida yake, papa!"

Akafuta diski iliyokuwa tayari safi. Kisha akasema, "Unajua Wagenia, wavuvi ya kule maporomoko? Wanatia kitunga ndani ya maji. Kitunga ya kweli, ya fito. Maji inavunja, wanasuka ingine. Hawatie picha ya kitunga." Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Papa, nikamwambia, samaki na mchezo si kitu kimoja. Akasema, "Bon. Weye njo umesoma."

Nilibishana naye Jumamosi nyingi. Sikuona kwamba yeye alikuwa anaongea juu ya mtu na mimi naongea juu ya mashine.

Mwishowe nikaleta zawadi: mashine mpya, nyeupe, nyembamba, ya aina isiyopokea diski. Michezo yote nilikwisha kuishusha kwa mtandao wa ofisini, kwenye akaunti yangu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaipapasa mbele, akaipapasa ubavuni, akaipapasa nyuma.

"Kinywa iko wapi?"

"Haina kinywa, papa."

"Haina kinywa? Itakula nini?"

Wavulana walicheka, na mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Alinitazama muda mrefu na yale macho ya ukungu, kisha akaweka mashine juu ya meza, taratibu. "Sawa," akasema. "Mutoto mwenye amerudi, hatumukatalie kitu." Nililichukua neno lile kama ushindi. Leo nikilikumbuka nataka kujipiga makofi.

Madiski alikubali yaondoke. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka la vyombo sokoni, aliyabeba yote kwa katoni na kutuachia televisheni kubwa. Yalikubaliwa kwa mdomo, papa mwenyewe akiwapo. Lakini ndala hatukuzizungumza. Ijumaa, akiwa msikitini, mimi nilitaka akirudi akute salle inang'aa. Nikafagia, nikapaka chokaa, nikafika kwenye ukuta wa kushoto. Pale palikuwa na ndala ishirini na kitu, zimekakamaa, zimepasuka, zina buibui. Nikasema kimoyomoyo, masikini mzee, anashindwa hata kutupa takataka. Nikazivua moja moja nikatia ndani ya mfuko. Misumari niliiacha kwa kuwa sikuwa na nyundo. Hata ndala yangu ilikuwamo, niliyoiacha wiki ya kwenda Kinshasa. Sikuitambua.

Mlangoni alikuwa amekaa Mama ya Mikate, jirani yake wa miaka mingi, anayekaanga mikate ya mviringo asubuhi na jioni. Kila mtu anajua ndala kuukuu inawasha makaa vizuri. Nikampa mfuko wote. "Mama, hii itakusaidia kuwashia." Akanishukuru, akanipa mikate miwili ya moto. Nikaila nimesimama palepale, nikiona moshi mweusi unapanda. Ilikuwa mitamu.

Papa aliporudi alisimama katikati ya chumba. Aligusa ukuta wa kushoto, akateremsha mkono mpaka msumari wa kwanza karibu na mlango, akaacha kidole pale.

"Iko propre, iko safi," alisema.

"Umependa, papa?"

"Na ile vitu yenye ilikuwa hapa?"

"Takataka tu, papa. Nimetupa."

"Ah. Bon."

Akaketi kwenye kiti chake. Niliona tu kwamba kuanzia siku ile hakula tena mikate ya jirani yake, yeye aliyekuwa anakula mitatu kila asubuhi na chai. Nilidhani ni sukari. Nikamshauri hata aende kupima.

Mashine isiyo na kinywa ilifanya kazi miezi kadhaa. Vijana walirudi, televisheni kubwa iling'aa, na mimi nilitembea Kabondo kichwa juu. Halafu asubuhi moja wakanipigia simu nije haraka. Kwenye kioo palikuwa na maandishi: akaunti imefungwa, thibitisha kwa namba ya simu. Namba ilikuwa ya Kinshasa, niliyokwisha kuitupa. Nchi niliyoandika wakati wa kufungua haikuwa yetu, maana yetu haikuwamo katika orodha yao. Nikawaandikia wenye kampuni ya mashine, nikajibiwa na barua isiyo na mtu ndani yake. Nikaandika tena. Michezo yote, na ile niliyoilipia kwa jasho langu, ikawa picha ndogo za kijivu zenye kufuli.

Papa alikuwa nyuma yangu.

"Nani ameibeba?"

"Hakuna aliyeibeba, papa."

"Imeenda wapi basi?"

"Haijaenda mahali. Iko humu humu. Wametufungia tu."

"Nani?"

Nikatafuta jina chini ya ile barua, halikuwamo. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Sasa tutaenda kungojea kwenye mulango ya nani?"

Nilitoka nje nikalia. Nililia kwa hasira za mashine, nakiri, si kwa ajili yake. Mama ya Mikate akanivuta nikae juu ya kigoda chake, na akiwa anageuza mikate ndani ya mafuta akaniambia yote. Kwamba Ijumaa ile papa alikuja kwake akauliza mfuko wa babuchi, naye akamjibu kwa furaha, "Papa, ile njo imepika mikate ya leo!" Kwamba papa alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na kofia yake nyeupe. Kwamba ndani ya mfuko ilikuwamo ya bluu.

"Sikujua, mwanangu," alisema. "Na weye haukujua. Lakini yeye alikatala niseme kwako. Alisema, muache, akijua atakimbia."

Na kweli nilikimbia. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, zaidi ya moto. Kuchoma nilichoma kwa ujinga. Kukimbia nilikimbia kwa akili timamu. Sikukanyaga salle muda mrefu. Nikipita Kabondo nilipita njia ya nyuma. Siku moja tukiwa kazini nje ya mji, ng'ambo ya mto Tshopo, nikaona shamba la mpunga limezungushiwa kamba, na kwenye kamba madiski yananing'inia, yanameta, yanafukuza ndege. Nikamwambia dereva asimame. Nikashuka, nikashika moja. Ubavuni kulikuwa na alama nyeupe ya dawa ya meno iliyokauka. Nilibana pumzi. Mwenye shamba akaniuliza nataka nini, nikamwambia hakuna.

Halafu mama yangu akaniita nimsaidie kupanga sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya daftari langu la darasa la sita, palikuwa na diski. Ya mpira. Nilikuwa nimeikopa wiki ya kuondoka kwenda Kinshasa nikasahau, na miaka yote ile Papa ya Madiski hakunidai. Mama akaitazama. "Hii si ya yule mzee? Na babuchi yako iko kwake?" Nikaitia diski ndani ya begi langu.

Jumamosi asubuhi nikaenda.

Salle ilikuwa haina tena michezo. Televisheni kubwa ilikuwa imefunikwa kitambaa. Papa alikuwa amehamishia kitanda mle ndani, chini ya ukuta wa kushoto, na alikuwa amelala juu yake amekonda, kofia kichwani. Mama ya Mikate alikuwa amemwekea uji. Aligeuza sikio, si macho.

"Ni nani?"

"Ni miye, papa. Madame Pause."

"Eeh," akasema. "Hii pause ilikuwa murefu."

Nikaweka diski mkononi mwake. Hakuuliza ni nini. Kidole kikaenda chenyewe kwenye tundu, kidole gumba pembeni. Akavuta ncha ya shati akaifuta, kutoka katikati kwenda nje, mara tatu, akapitisha ukucha.

"Iko na mukwaruzo hapa. Mbele haikuwa."

"Ni yangu, papa. Nimeikwaruza miye."

"Utatia dawa ya meno." Kisha akakunja uso kama mtu mwenye aibu, na mzee yule, na nywele zake nyeupe, akaniambia, "Sasa babuchi yako... Unisamehe, mama. Babuchi yako sina tena."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikasema, "Papa, ni miye niliyezichoma."

"Najua."

"Na ya kaka ilikuwamo."

"Ya kwanza, karibu na mulango. Ya bleu."

"Juu ya nini haukunigombeza?"

"Ningekugombeza, ungerudi?"

Na sikurudi hata hivyo, nikasema, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Aliniacha nilie. Hakuniambia nyamaza. Alinipapasa kichwa mara moja, kwa kiganja kile kile cha kunyamazisha wavulana, kisha akanisukumia diski kifuani.

"Beba."

"Papa, nimeileta kurudisha."

"Ukirudisha imekwisha, unaenda zako. Beba, mama. Acha babuchi."

Nilikuwa nimevaa ndala za ngozi, za mjini. Nikavua ya kushoto. Nikatafuta msumari wa nyuma, wa pembeni, akasikia hatua zangu.

"Hapana kule. Tundika ya kwanza, karibu na mulango."

"Papa, ule ni wa..."

"Najua ni ya nani. Musumari mutupu inaniumiza macho. Hata haya yenye haione."

Nikaitundika. Alisikia ngozi inagusa ukuta, akafumba macho, akasema, "Alors. Ukichoka, utakumbuka."

Nilitembea Kabondo nzima na mguu mmoja mtupu, mwanamke mzima mwenye beji ya ofisi shingoni, diski kifuani. Mchanga ulikuwa umeshika moto. Watoto walinicheka. Kwenye kona, kijana mmoja wa taxi-moto, pikipiki ya kubeba watu, mwenye ndevu, alipunguza mwendo apate kunibeba, akaona mguu wangu, akazima injini.

"Mama, umekopa kwa papa?"

"Ndiyo."

"Bado anakopesha?"

"Bado."

Akatazama mguu wake mwenyewe wa kushoto. "Basi utarudi," akasema polepole.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, diski ndani ya mfuko wangu, imekwisha kupakwa dawa ya meno. Kabla sijafika kwenye bati la kijani niliona turubai na viti vya plastiki barabarani. Walikuwa wamekwisha kumzika. Mama ya Mikate alikuwa amekaa kwenye mkeka, jiko lake limezimwa. Ndani, dada yake papa, aliyefika kutoka Maniema, alikuwa anafagia. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Alishika ufagio mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alionyesha msumari wa kwanza karibu na mlango.

"Hii kiatu moja iko ya nani?" aliniuliza. "Tunatoa vitu vya zamani."

Nikamwambia, "Muiache, mama. Mwenyewe atarudi."